Mbwa anajua moto ya papa: barua zenu na majibu

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu, tena kwa kupitia, kuhusu mbuzi wa jirani yangu hapa Bukavu ambaye akisikia maganda ya ndizi yanamwagwa kwenye beseni anakata kamba na kuja mbio, lakini ukimwaga makaa kwenye beseni hilohilo hata shingo hageuzi. Nikasema hajarogwa na hana akili kupita mbuzi wengine, kazoea tu. Kumbe nimefungua mlango. Barua zimenyesha kama mvua ya mwezi wa kumi na moja, kila mtu ana mbuzi wake, wengine mbuzi wao ni mtoto, wengine ni bwana yao (hizo za bwana nimeziweka pembeni kwanza). Nimechagua hizi. Kiswahili chenu nimekiacha vile kilivyo, nimekata tu salamu maana kuna mtu alisalimia ukurasa mzima.

Mwalimu, bwana yangu anatumika usiku, anarudiaka saa kumi na mbili asubui na moto (pikipiki). Mbwa yetu inasimama ku mulango mbele hata moto ifike ku barabara, miye bado sisikie kitu. Moto zingine zinapita, hata haiamuke. Mama-mukwe anasema ile mbwa iko na roho ya babu. Njo nauliza, mbwa inajua saa ao?
*Mama wa Kadutu*

Mama, roho ya babu siigusi, hayo ni ya kwenu na mama mkwe na mimi nataka muendelee kupika pamoja kwa amani. Ya mbwa nitakujibu.

Zaidi ya miaka mia iliyopita kulikuwa na daktari Mrusi, Ivan Pavlov, kule Saint Petersburg. Wengi wanafikiri alikuwa anasoma akili za mbwa, hapana, yeye alikuwa mtu wa tumbo, vile chakula kinasagwa, na kazi hiyo ndo ilimpa Nobel mwaka 1904. Alikuwa anapasua shavu la mbwa kidogo na kuweka kamrija ili mate yatoke nje, ayahesabu tone kwa tone. Sasa mbwa wakawa wanamharibia hesabu: chakula bado hakijafika, wamesikia tu miguu ya yule anayewaleteaga, mate tayari. Mwingine angewafukuza. Pavlov akaanza kufuata hilo jambo lenyewe, akachukua ile mashine ya watu wa muziki inayogonga tak tak tak, metronomu, anaigongesha kisha analeta chakula, anaigongesha kisha analeta, siku nyingi, mwishowe inagonga peke yake bila chakula na mate yanashuka. Tena ikigonga kwa mwendo mmoja chakula kinakuja, kwa mwendo mwingine hakuji kitu, mbwa anajifunza kutofautisha, mate yanatoka kwa ule mwendo wenye faida tu.

Basi moto ya bwana yako ina kikohozi chake. Jirani atakuambia moto zote za Kadutu zinalia sawa, mbwa hakubali, kwa sababu moja tu kati ya hizo inafuatwa na mlango kufunguka na mtu wake kuingia, na mimi naweka dau papa akifika anamtupia kipande cha mkate ambacho hajakuambia. Sikio la mbwa linafika mbali kuliko letu, ndo maana anakutangulia.

Na saa nayo usiitupe. Pavlov aliwapa mbwa wengine chakula kila dakika 30, bila mlio wowote, baadaye mate yakawa yanatoka yenyewe dakika zile zikikaribia kutimia. Kwa hiyo mbwa wako anaweza kuwa anatumia vyote viwili. Ukitaka kujua, mwambie bwana aje siku moja saa ileile na moto ya rafiki. Mbwa akisimama, ni saa. Akilala, ni mlio. Uniandikie, nitafurahi kweli.

(Na wanaocheka mbwa wa watu: hapa kwangu umeme ukirudi, friji inaanza kuunguruma mbele taa haijawaka vizuri, na watoto wanne wanatoka vyumba vinne na chaja mkononi. Hakuna mtu aliyewafundisha.)

Mwalimu, niko na mutoto mwanaume wa miaka ine. Kila tukipita ku butike anaomba biskuti, nikisema hapana anaanguka chini mu matope, analia mupaka batu banasimama. Nimemupiga, nimemubembeleza, nimemufungia mu nyumba. Kuko siku namupatia juu ya haya, siku zingine naweka kichwa nguvu. Anaendelea tu, tena zaidi. Ni shetani ao ni nini?
*Papa mmoja, Bagira*

Papa, rudia kusoma barua yako pale uliposema "kuko siku namupatia juu ya haya." Shetani umeshampata, na anauzwa kwa pakiti.

Nianze na paka. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alikuwa anafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vya mbao, nje kaweka kipande cha samaki. Ndani kuna kamba ya kuvuta au kibao cha kukanyaga, ukikigusa mlango unafunguka. Paka anakwaruza, anauma mbao, anasukuma, kwa bahati anagusa kile kibao, anatoka, anakula. Akirudishwa haendi moja kwa moja kwenye kibao kama mtu aliyeelewa, anakwaruza tena, ila kidogo kidogo yale mambo yasiyoleta kitu yanapungua na lile lililoleta samaki linakuja haraka. Hiyo tu. Kitu kikifuatwa na raha kinakaa, kikifuatwa na bure kinapungua. Mtoto wako naye alikwaruza kila mahali: aliomba kwa upole, hakuna kitu, alivuta suruali yako, hakuna kitu, siku moja akaanguka kwenye matope, biskuti ikatoka.

Sasa kwa nini haachi, wakati siku nyingi unamnyima? Hapa anaingia B. F. Skinner, Mmarekani mwingine, na hii hadithi naipenda kwa sababu inafanana na maisha yetu ya kukosa-kosa. Skinner alikuwa na panya ndani ya kisanduku, panya akibonyeza kibao kinashuka kidonge cha chakula. Vidonge alikuwa anavitengeneza mwenyewe kwa mkono, kazi ya kuchosha. Jumamosi moja anaangalia akiba, anaona kwa mwendo huu Jumatatu asubuhi hakutakuwa na kitu. Akaamua kubana: badala ya kulipa kila panya akibonyeza, analipa mara moja tu kwa dakika. Angefikiria panya watakata tamaa, wapi, waliendelea kubonyeza vizuri kabisa. Na baadaye ikaonekana wazi, yeye na wenzake walipojaribu kila aina ya kulipa, kwamba mnyama aliyelipwa kila mara ukimkatia anaacha mapema, lakini aliyezoea kulipwa siku hii ndiyo siku hii hapana, bila kujua lini, huyo anaendelea kubonyeza muda mrefu hata ukiwa umefunga duka.

Umeona sasa? Siku zako za kichwa nguvu hazikumwonyesha mtoto kwamba kulia hakuna faida. Zilimzoesha kungoja. Mtoto wako ni panya wa Jumamosi, anajua biskuti haiji kila mara, kwa hiyo akikosa leo hana haraka.

Ukitaka kuacha lazima uache kabisa, na hapa nakuonya mapema maana ndipo wazazi wengi wanaanguka. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya zaidi. Malipo yakikatika, mtu au mnyama kwanza anaongeza nguvu, ni kama wewe kiberiti kikikataa, unakwaruza mara tano kwa hasira kabla ya kukitupa. Atalia kuliko siku zote, pengine atajitupa mbele ya moto za watu (mshike mkono upande wa ndani wa barabara, hiyo ya usalama haina mjadala). Ukivumilia siku sita, siku ya saba ukampa kwa sababu mke wa mchungaji anapita, hujarudi mwanzo tu, umemfundisha kwamba bei ya biskuti siku hizi ni kelele za siku saba. Na hata akiacha, baada ya mwezi anaweza kujaribu tena siku moja, ghafla. Mbwa wa Pavlov walifanya hivyo pia, mate yalizimika, baada ya kupumzika yakarudi kidogo. Usishtuke, usilipe, itapita.

Ongea na watu wa nyumba, mke wako, na hasa nyanya ya mtoto, maana kila familia ina nyanya mwenye kipochi. Ongea na mwenye butike pia, kuna wengine wanatoa pipi ili kelele ziishe mbele ya duka lao, wanafundisha mtoto wa mwingine bila kujua.

Halafu upande wa pili, ambao hukuuliza. Siku akipita butike bila kulia, unafanya nini? Nina hakika hufanyi kitu, unashukuru Mungu kimya kimya. Mpe kitu pale pale, hata kumbeba mabegani mpaka kona, hata kumwambia "leo umetembea kama mwanaume." Pale pale, si usiku wakati wa bugali. Kule Morogoro, Tanzania, kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akifanya sawasawa anasikia mlio mdogo wa klik, kisha anapewa ndizi. Ule klik ndo siri, unamwambia panya ni kitendo gani hasa kimenunua ndizi, kabla hajageuka kufanya kingine. Panya mmoja wao, Magawa, alitumwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Hakuna aliyempiga kofi hata siku moja.

Kupiga? Skinner aliona panya akiadhibiwa anaacha kwa muda, kisha anarudia. Na kuna kitu kingine adhabu inafundisha vizuri sana, inafundisha nani wa kuogopa. Mtoto ataacha kulia akiwa na wewe, atalia akiwa na mama yake. Mimi nilichapwa sana kwa ajili ya kuzidisha kwa saba, saba mara nane naijua mpaka leo, najibu haraka kuliko watoto wangu, lakini hesabu zenyewe nikiziona natafuta mlango.

Mwalimu, miye ni motari (dereva wa pikipiki), stasiyo yetu iko pale Essence. Kila siku naweka pari (dau) ya mupira ku telefone, napoteza, kesho narudia. Juu ya nini siwezi kuacha na niko na akili?
*Motari*

Soma jibu la papa wa Bagira, pale penye vidonge vya Jumamosi, kisha weka jina lako pahali pa panya. Samahani, mdogo wangu, lakini ndo hivyo. Ungepoteza kila siku bila kushinda hata mara moja ungekuwa umeacha zamani. Ni zile franka ulizoshinda siku ile, unaikumbuka hata ulikuwa umevaa nini, ndo zinakufunga, na mashine za kamari duniani kote zinalipa kwa mtindo huohuo wa kutojulikana lini. Akili haisaidii sana hapo, mbinu inasaidia: pesa ya likelemba (ile ya kuchangishana kwa zamu) itoe asubuhi mbele hujapata abiria wa tatu, na ile ya pari usiiache ndani ya telefone.

Mwalimu, mutoto wangu wa miaka mbili na nusu alipigwa mashindano (sindano) mu hospitali wakati alikuwa mugonjwa sana. Tangu pale akiona mutu na bluzi nyeupe (koti la waganga) analia mupaka anatetemeka. Juzi ilikuwa muuza nyama, siku ya yenga (Jumapili) ilikuwa padri, nilisikia haya mu kanisa yote. Itaisha yenyewe?
*Mama wa Himbi, Goma*

Pole mama, na pole kwa padri.

Ya kwako ina ndugu yake mashuhuri, tena ya aibu. Mwaka 1920 kule Baltimore, Marekani, John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walichukua mtoto wa miezi 11 hivi, waliyemwita Albert. Alikuwa haogopi panya mweupe, anamgusa. Wakaanza: kila akinyoosha mkono kwa panya, nyuma yake wanapiga chuma kwa nyundo, kwaa! Mara saba tu, kwa siku mbili zilizoachana wiki moja. Akawa akimwona panya, bila chuma, analia na kutambaa kukimbia. Na woga haukubaki kwa panya, ulienea kwa sungura, kwa mbwa, kwa koti la manyoya, hata kwa kinyago chenye ndevu nyeupe. Ndo safari ya mtoto wako, kutoka kwa infirmiye (muuguzi) kwenda kwa muuza nyama mpaka altareni. Weupe umebeba maumivu ya shindano.

Mimi Watson simsamehei, kwa sababu yule mtoto aliondoka hapo na mama yake bila mtu yeyote kumwondolea woga waliompa. Alikuja mwanamke, Mary Cover Jones, akafanya kazi ya kurudisha. Mwaka 1924 aliandika habari za mtoto Peter, karibu miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Alimkalisha mezani na chakula anachopenda, sungura ndani ya kizimba mbali kabisa, upande ule wa chumba. Siku zinapita, kizimba kinasogea kidogo, mtoto anakula. Siku zingine walikaa naye watoto wasioogopa, wanamshika sungura mbele yake. Katikati Peter akaugua, akalazwa, na akitoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia, woga wote ukarudi, wakaanza upya. Mwisho alikuwa anaacha sungura amtafune-tafune vidole.

Kwa hiyo, mama, usingoje iishe yenyewe, maana mtoto anayekimbia kila mara hapati nafasi ya kuona kwamba hakuna kilichotokea. Chukua karanga au chochote anachopenda, mpite pembeni ya kituo cha afya, upande wa pili wa barabara, anakula, mnarudi. Kesho karibu kidogo. Akianza kukaza mwili, umeenda haraka, rudi nyuma hatua mbili. Mchukue binamu yake mkubwa asiyeogopa, atangulie kusalimia. Muombe infirmiye mmoja atoke bila bluzi, acheze naye, halafu siku nyingine bluzi iwe mkononi, halafu begani.

Jambo moja nataka kukuuliza, usikasirike. Nyumbani kuna mtu anamwambia "ukikataa kula nitakupeleka kwa muganga akuchome"? Kama yupo, huyo anapiga chuma cha Watson kila jioni mezani. Na wewe mwenyewe mkono wako, mkiona bluzi nyeupe kwa mbali, unamkaza? Miaka ya 1980 Susan Mineka na wenzake walichukua nyani waliozaliwa ndani ya maabara, ambao nyoka hawamjui wala hawamuogopi, wakawaonyesha tu nyani wa porini wakishtuka kwa nyoka. Dakika chache zilitosha, na wao wakaogopa, bila kuumwa, bila kuguswa. Mtoto anasoma mkono wako mbele hajaona bluzi.

Mwalimu, mwaka jana nilikula sambaza (samaki wadogo wa ziwani), usiku ule nikashikwa na malaria, nikatapika zote. Mupaka leo nikisikia arufu ya sambaza zinakaangwa tumbo inageuka. Mbele nilikuwa nazipenda sana. Batu banasema nilirogwa kupitia chakula.
*Dada wa Nguba*

Sambaza hazina kosa na mchawi hana kosa. Malaria ile mbu alikuwa amekupa zaidi ya wiki moja mbele ya homa, sambaza zilikuta tu gari linaondoka. Lakini tumbo lina sheria yake, haliulizi ushahidi. Mmarekani John Garcia alionyesha hilo kwa panya, na mwaka 1966 yeye na Robert Koelling wakaeleza vizuri: panya akinywa maji matamu kisha akagonjeshwa, hata saa kadhaa zikipita, mara moja tu inatosha, hayagusi tena. Ukimwekea taa na mlio badala ya utamu, kisha ukamgonjesha, taa haiogopi. Mwili unajua kichefuchefu kinatoka mdomoni, kwa hiyo unakamata kile ulichokula. Kwa mnyama wa porini hiyo ni akiba ya maisha, kwako ni hasara ya sambaza tu. Anza na zilizopikwa na nyanya nyingi, si za kukaanga, kwa mtu mwingine, ukiwa na njaa na afya nzuri. Kijiko kimoja.

Mwalimu, na masomo tulienda ku Tshivanga kuangalia magorila. Ile dume kubwa ilituona, ikaendelea kula majani tu. Walizifundisha na ndizi?
*Mwanafunzi*

Hapana, na walinzi wa Kahuzi-Biega wangekasirika wakisikia ndizi. Hapo hakuna zawadi hata moja. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyepigania mbuga hiyo iundwe mwaka 1970, pamoja na wapistari (wafuata nyayo), wengi wao Batwa wa huko ambao msitu wanaujua kwa miguu, walikuwa wanawaendea gorila siku kwa siku, wanasimama mbali, hawafanyi kitu, wanarudi. Mwanzo dume anapiga kifua, anawarukia. Kesho tena. Mwisho gorila anajifunza kwamba hawa viumbe wakija hakuna kinachofuata, si kizuri si kibaya, ni kama mawingu. Ni somo rahisi kuliko yote, hata konokono analiweza, ukimgusa-gusa pembe bila kumuumiza anachoka kuzirudisha ndani.

Lakini lina bei. Gorila aliyezoea mtu hatofautishi mtalii na mwenye bunduki. Vita vilipokuja miaka ya 1990, katika ule upande wa milimani walipungua kutoka karibu 250 mpaka karibu nusu, na wale waliozoea watu walikuwa rahisi kukaribia. Mkirudi huko, mita za umbali wanazowaambia zifuateni.

Mwalimu, miye ni fundi wa kushona, niko na mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Simufundishake na mudomo, anaangaliaka tu. Sasa mbele ya kukata kitenge anagonga makasi ku meza mara tatu, ko ko ko. Ni vile miye nafanyaka. Makasi yangu ya zamani ilikuwa na skrubu yenye kulegea, nikigonga inakaa. Hii ya sasa ni mupya, ni mwaka wa ine, skrubu iko nguvu, lakini mukono umeshazoea. Ku atelie banacheka. Tena umeme ukikatika anatukana na maneno yangu yenyewe, hata sauti. Ananichekelea ao?
*Fundi wa Nyawera*

Fundi, barua yako nimeisoma mara tatu, ko ko ko, na hapana, hakuchekelei. Anakuheshimu kupita kiasi.

Kwenye kisiwa cha Ngamba, ziwa Victoria upande wa Uganda, kuna makao ya sokwe yatima. Victoria Horner na Andrew Whiten walipeleka huko sanduku lenye chakula ndani. Mtu anaonyesha: anachokoa kwanza tundu la juu kwa kijiti, kisha anafungua kilango cha mbele na kutoa chakula. Ukweli ni kwamba tundu la juu halifiki popote. Sanduku likiwa jeusi huoni ndani, sokwe waliiga vyote. Likiwa la kuonyesha ndani, sokwe wakaona juu hakuna maana, wakaruka hatua hiyo, mkono moja kwa moja kwenye chakula. Kisha wakajaribu watoto wa miaka mitatu na minne kule Uskoti, na sanduku hilohilo la kuonyesha ndani. Watoto waliiga vyote, juu na chini, kwa uaminifu. Waliandika hayo mwaka 2005.

Mtu akisikia hivyo anasema kumbe sokwe ana akili kuliko mtoto. Mimi sikubali. Angalia mama zetu na muhogo mchungu: unaumenya, unaulowesha siku tatu, unaanika, unatwanga. Mtoto wa kike anaiga yote bila kujua kwa nini, na mama mwenyewe pengine hajui, maana sumu ya sianidi haionekani kwa macho. Mwenye akili ya sokwe angesema maji siku tatu ni kupoteza muda. Kuna sehemu za nchi yetu ambako njaa au haraka ilikata zile siku za maji, watu wakapata konzo, miguu ikapooza kwa maisha. Kwa hiyo binadamu ameumbwa kuiga hata kile asichoona faida yake, kwa sababu mara nyingi faida ipo imejificha. Mwanafunzi wako anakuona fundi mkubwa, anasema ndani yake, hizi ko tatu lazima zina siri ya kitenge kutoteleza.

Matusi ni njia hiyohiyo. Mwaka 1961 Albert Bandura, kwenye chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alichukua watoto 72, wengine wakamwona mtu mzima anapiga mwanasesere mkubwa wa kupuliza, kwa nyundo ya mbao, kwa mateke, na maneno yake. Walipoachwa wacheze na mwanasesere walirudia, nyundo ileile, maneno yaleyale. Hakuna aliyewapa pipi ili wafanye hivyo. Miaka minne baadaye akaleta jingine la kukushtua: watoto walioona mpigaji anakaripiwa waliiga kidogo tu. Ungesema hawakujifunza. Lakini walipoahidiwa zawadi kama wataonyesha walichokiona, walionyesha sawasawa na wengine. Walikuwa nacho chote kichwani, wanangojea nafasi. Kwa hiyo usifikiri ukimgombeza mbele ya wateja utakuwa umemwondolea matusi, utakuwa umeyaweka kwenye stoo. Ukitaka asitukane umeme, fundi, aone wewe umeme umekatika na umechukua kitenge cha kupindwa kwa mkono, kimya. Mara nyingi.

Ya makasi ni rahisi zaidi. Mwite, mwonyeshe ile skrubu ya zamani kama bado unayo, mwambie sababu. Ataacha.

Wewe ndo sijui. Mwaka 1948 Skinner, yule wa vidonge, aliweka njiwa wenye njaa ndani ya visanduku ambavyo chakula kilikuwa kinakuja kwa saa tu, njiwa afanye asifanye. Kila njiwa akashika lile alilokuwa analifanya chakula kilipoingia, mmoja akawa anazunguka-zunguka, mwingine anarusha kichwa, kama vile ndo wanakileta. Miaka minne makasi yako mapya yanakata vizuri, na kila mara kabla hayajakata ulikuwa umegonga. Kesho chukua kitenge cha mteja asiye na haraka, ukate bila kugonga, na mwanafunzi awe anaangalia. Kama mkono utakataa, uniandikie umekataa vipi.